Ukiamua Kubaki na Noah ya Zamani

Noah ya zamani, ile iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1996 kwa majina ya TownAce Noah na LiteAce Noah, ilikoma kutengenezwa mwaka 2001. Hesabu mwenyewe: hata iliyotoka kiwandani mwisho kabisa ina umri wa kupiga kura. Na bado zipo barabarani. Asubuhi zinapeleka watoto shule, Jumamosi zinabeba sufuria na viti vya shughuli, Desemba zinaelekea Moshi zimejaa ukoo mzima, na kati ya Arusha na Namanga zimesafirisha abiria kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye gari analo tayari na ameamua kubaki nalo. Sitakudanganya kwamba gari la zamani ni rahisi. Gharama zake zipo kama za gari lolote, ila huzilipi kwa mkopo wa benki. Unazilipa kwa fundi. Kwa fundi una njia mbili: kulipa kwa ratiba uliyojipangia, au kulipa ukiwa kando ya barabara, jua linakuchoma na familia imekaa chini ya mti. Na wengi wanaolipia kando ya barabara wakiwa na Noah hii wanalipia kitu kimoja: joto. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya maji na rejeta. Mengine nitayapitia kwa haraka kidogo.

Jua uliyonayo

Mtaani kila kitu ni Noah. Dukani hapana. Tazama namba ya chasisi kwenye kibati cha gari au kwenye kadi. Ikianza na SR40, hiyo ni ya petroli, injini ya 3S-FE ya cc 1,998, inayosukuma magurudumu ya nyuma. SR50 ni hiyo hiyo ikiwa inavuta magurudumu yote manne. CR40 na CR50 ni za dizeli, injini ya 3C yenye tabo. AZR60 ni ile iliyotoka Novemba 2001: injini ilihamia mbele, mlango wa kuteleza ukaongezwa upande wa pili, na petroli ikaanza kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. ZRR70 ilikuja mwaka 2007. Watu huita AZR60 “new model” mpaka leo, jina ambalo sasa linachekesha kidogo.

Namba hii iandike, ipige picha, iweke kwenye simu. Muuza spea akikuuliza Noah gani, usimjibu “ile ya zamani”. Msomee namba nzima. Kuna vifaa vinavyofanana kwa macho na kupishana kwa milimita chache, na muuzaji hatapoteza chochote ukirudi na kifaa kisichoingia. Wewe ndiye utakayelipia bodaboda mara mbili na siku ya fundi.

Injini iliyojificha chini ya kiti

Fungua boneti fupi ya mbele ya SR40, hutaiona injini. Iko chini ya viti vya mbele. Kuifikia lazima ufungue vibana na kuinua kiti. Muundo huu ndio unaowezesha gari fupi kubeba watu wanane, na kwa maoni yangu ndio unaoziua nyingi. Mwenye gari la kawaida hufungua boneti hata kwa udadisi tu. Mwenye Noah anaweza kukalia injini yake miezi mitatu bila kuonana nayo. Mpira wa maji ukianza kutoka jasho, mkanda ukianza kuchanika nyuzi, oili ikianza kuchuruzika kutoka kwenye kifuniko cha vali, hakuna anayejua mpaka taa iwake au harufu ije.

Kwa hiyo jiwekee siku moja ya juma. Iwe asubuhi, kabla gari halijawashwa, kwenye sehemu tambarare. Inua kiti, mulika kwa tochi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Oili nyeusi si tatizo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo gari lisiwashwe hata kwenda kwa fundi, fundi aje. Angalia kiasi cha maji kwenye tenki la akiba. Pitisha mkono kwenye mipira: mpira mzima una ugumu wa wastani, uliozeeka ama umelainika kama umelowekwa kwenye mafuta, ama umekakamaa na kupasuka mistari midogo karibu na kibana. Kisha tumia pua. Harufu ya petroli katika gari ambalo injini iko chini ya makalio ya dereva si jambo la kusubiri mshahara. Mipira ya petroli nayo huzeeka, na kifaa kinachobadilishwa kwa fedha ndogo kinaweza kuteketeza gari lote.

Ukimaliza, rudisha kila kitu kilipokuwa: zulia la kuzuia joto, mipira ya pembezoni, vibana vya kiti vyote. Mafundi wengi hufunga kibana kimoja na kuacha kingine, na zulia la joto hulitupa kwa madai kwamba linawasumbua. Zulia hilo na mipira ile ndivyo vinavyozuia joto, kelele na moshi wa injini usiingie kwa watu waliokaa ndani. Kiti kisichofungwa sawasawa nacho kinaweza kuinuka gari likifunga breki za ghafla.

Maji, rejeta na joto

Injini ya 3S-FE ina bloku ya chuma cha kalibu na kichwa cha aluminiamu. Joto likizidi, aluminiamu hupinda, gasketi ya katikati huungua, maji hupata njia ya kuingia yasikotakiwa. Injini yenyewe ni imara. Mtu akikwambia 3S imekufa, muulize kwanza ilichemsha mara ngapi. Ile ya dizeli ya 3C ndiyo isiyosamehe kabisa: kichwa chake kina sifa ya kupasuka kikichemka, na mara nyingi mara moja tu inatosha.

Anza na kinachoingia ndani. Maji ya kisima ya Dar es Salaam na ya mwambao kwa jumla mara nyingi yana chumvi. Unayoyanywa ukakunja uso, usiyamimine kwenye injini. Chumvi hula aluminiamu, hula mapezi ya pampu ya maji, na huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au kulanti nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Haya huuzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma kibandiko uhakikishe ni maji na si asidi, kwa sababu vyupa vyake vinafanana. Kazi ya kulanti si kuzuia barafu tu, kama wanavyosema wanaoiona ni kitu cha Wazungu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha maji kuchemka. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, usiongezee tu.

Pili, mfuniko wa rejeta. Ni kifaa kidogo, cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mfuniko mzima huziba maji kwa shinikizo. Maji yakibanwa kwa shinikizo la baa moja zaidi ya hewa ya kawaida, huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Springi ya mfuniko ikilegea, umepoteza nyuzi hizo 20 zote. Na kama unakaa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hali ni mbaya zaidi: huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari linaloenda vizuri Tanga likachemsha likifika Usa River huenda halina ugonjwa mwingine zaidi ya mfuniko. Ubadilishe kila unapobadilisha kulanti, usisubiri uharibike.

Tatu ni themostati, na hapa jiandae kubishana. Utapeleka gari lenye dalili za joto, na fundi atakwambia kwa upole, “Bosi, hii kitu ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Tuitoe.” Akiitoa, siku hiyo hiyo mshale utashuka na utaona amekusaidia. Alichofanya ni kuficha dalili. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Kazi yake ni kuifanya injini ifike haraka kwenye joto la kufanyia kazi na kubaki hapo. Bila yake injini hukaa baridi muda mrefu, sensa ya joto huiambia kompyuta iongeze petroli, oili haifiki joto lake, na injini inalika taratibu huku ukinunua mafuta mengi zaidi. Na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza, bado imeziba. Ukikuta gari lako liliwahi kutolewa themostati, na uwezekano ni mkubwa, inunue na uirudishe baada ya rejeta kukaguliwa.

Rejeta yenyewe izibuliwe na fundi rejeta, siyo kwa kumwaga dawa tu. Kule Gerezani, Dar es Salaam, na kwenye miji mingi kuna watu wanaofanya kazi hiyo peke yake: hufungua tenki la juu, huchokonoa mirija, huziba na kuijaribu ndani ya maji. Kama ina matenki ya plastiki na plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia, usihangaike kuipaka gundi. Nunua nyingine. Kumbuka pia kwamba mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati yao hujaa wadudu, nyasi na vumbi baada ya kila safari ndefu ya mikoani. Pamwagie maji kwa mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari yenye nguvu hulaza mapezi yake.

Kuna sehemu moja ambayo hata mafundi wazuri huisahau. Noah nyingi zilikuja na hita ya nyuma kwa ajili ya abiria wa majira ya baridi. Huku hakuna anayeiwasha, lakini maji ya injini hupita humo, kwa mabomba marefu ya chuma na mipira inayokwenda chini ya sakafu. Mabomba hayo hupigwa na matope, mawe na chumvi, na siku moja hutoboka. Maji huisha huku mbele kila kitu kikiwa kikavu, na watu wanafungua vichwa vya injini kutafuta maji yalikoenda. Gari likikaguliwa kwenye shimo, mwambie fundi afuate mabomba hayo mpaka mwisho. Yakiwa mabovu, kuyafupisha kwa kuunganisha mpira mpya mbele na kuacha hita ya nyuma bila maji ni uamuzi wa busara kwa mtu wa Pwani. Anayeishi Makambako au Mbeya anaweza kuwa na maoni yake.

Sasa siku yenyewe ikifika. Unapanda Kitonga na watu saba, mshale unaanza kuondoka katikati. Zima kiyoyozi. Fungua madirisha, weka hita kwenye joto la mwisho na feni yake kasi yote. Utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ya pili ndogo. Shusha gia injini isibebe mzigo kwa kulazimishwa. Mshale ukiendelea kupanda, tafuta mahali salama, egesha, weka pembetatu, shusha watu upande wa mbali na barabara. Ukigusa nyekundu, zima injini mara moja. Usifungue mfuniko, usimwagie injini maji, hata wapita njia wakikusihi. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110 yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo, na uso wako uko juu yake. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuutoa. Mara nyingi ni zaidi ya nusu saa. Halafu ongeza maji kidogo kidogo. Kama maji yameisha na hujui yalikotokea, usijaribu kufika Iringa kwa kuongeza kila kilomita chache. Gari la kuvutwa ni ghali, lakini si ghali kama kichwa cha injini.

Mkanda wa taimingi

3S-FE hutumia mkanda wa mpira, na umri wake wa kawaida ni kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba namba ya kilomita kwenye dashibodi ya gari lililopita mikononi mwa madalali haina maana yoyote. Ushauri wangu ni mfupi: kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, ubadilishe sasa, andika kilomita za leo, anza kuhesabu hapo.

Pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda huo huo. Gharama kubwa ya kazi iko kwenye kufungua na kufunga, kwa hiyo nunua vyote kwa pamoja: mkanda, pampu, puli ya kukaza, ile ya kupitishia, na mpira wa kuzuia oili wa mbele ya kranki. Anayebadilisha mkanda na kuacha pampu ya miaka 20 anajiandalia kufungua tena. Faraja ni kwamba kwenye 3S-FE mkanda ukikatika injini huzima tu, vali hazigongi pistoni. Faraja hiyo si ya wenye dizeli. Kwao mkanda ukikatika uharibifu ni mkubwa.

AZR60 ina mnyororo badala ya mkanda, na wenye magari hayo hujisifu sana kwa hilo. Wakumbuke ya kwao. Kwa kuwa petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, masizi hujikusanya humo na gari huanza kutetemeka likisimama kwenye foleni. Linahitaji kusafishwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Pampu yake ya petroli ya shinikizo kubwa haipendi mafuta machafu, kwa hiyo jaza kwenye vituo vinavyouza sana na usiache tenki likauke. Na bloku yake ni ya aluminiamu: ikichemka, nyuzi za bolti za kichwa huweza kung'oka kutoka kwenye bloku, na hapo gasketi mpya peke yake haisaidii.

Oili, za aina zote

Oili ya injini na chujio kila kilomita 5,000. Foleni za Dar na vumbi la barabara za vijijini ni matumizi magumu, usifuate namba za watu wanaoendesha barabara kuu tupu. Injini iliyochoka kidogo inaweza kutumia oili nzito zaidi ya ile ya kiwandani, lakini oili nzito haitibu injini inayokula oili. Moshi wa bluu asubuhi tu unapowasha, mara nyingi ni mipira ya vali, na unaweza kuishi nao ukiwa unaongeza oili kwa wakati. Moshi wa bluu unaokufuata njia nzima ni ringi, na hapo anza kuweka fedha.

Giaboksi otomatiki ya gia nne ya Noah ya zamani ni ngumu kufa ikipewa oili safi. Wapo wanaosema usiiguse oili ya giaboksi ya zamani maana ukiibadilisha itakufa. Kinachotokea ni kwamba watu hubadilisha wakati imeshaanza kuteleza, halafu wanalaumu oili. Kama inabadilisha gia vizuri, mwaga ile inayotoka kwa bolti ya chini, rudishia kiasi hicho hicho cha aina sahihi, rudia baada ya kilomita elfu chache. Usikubali kuisafisha kwa mashine ya shinikizo. Kwa wenye giaboksi ya CVT, yaani ZRR70 na AZR60 za baadaye, sharti ni moja: oili ya CVT, aina iliyotajwa na Toyota, na si oili nyekundu ya kawaida ya otomatiki. Kosa hilo likifanywa na kijana wa gereji aliyedhani ni kitu kimoja, giaboksi huweza isimalize mwezi. Simama pale inapomiminwa. Soma kopo.

Breki, tairi na matuta

Matuta yetu ndiyo yanayokula shokapu, bushi na mauntingi za injini. Hakuna dawa zaidi ya kupunguza mwendo na kubadilisha vifaa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Gari likitoa mlio wa kugonga ukipita tuta dogo kwa polepole, anza na bushi za stabalaiza kabla ya kukubali orodha ndefu ya fundi. Mauntingi zilizokufa utazijua kwa mtikisiko kwenye kiti ukiwa umesimama na gia iko D; unatoweka ukiweka N.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye maji ndani huchemka kwenye mteremko mrefu hadi pedali ikazama. Ibadilishe kila miaka miwili. Kushuka mlima, weka 2 au L, breki uziguse mara kwa mara badala ya kuzikanyaga njia nzima.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka 10 linafaa bembea ya watoto. Upepo wa kujaza umeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva; usimwachie kijana wa pancha aamue kwa kupiga teke. Na mikanda ya viti vya nyuma, ambayo imelala chini ya mito tangu gari liingie nchini, itoeni mwioshe. Gari la familia linalobeba watoto sita wasiofungwa mikanda halijatunzwa, hata likiwa na injini ya kung'aa.

Mlango wa kuteleza na kutu

Noah ya zamani ina mlango mmoja wa kuteleza, upande wa kushoto, na huo ndio unaofanya kazi kuliko kifaa chochote kwenye gari. Ukianza kuning'inia au kuhitaji kupigwa bega, rola za chini zimekwisha. Rola hubadilishwa. Reli isafishwe kwa brashi, kisha ipakwe grisi kidogo sana, maana grisi nyingi hushika mchanga na mchanga ndio unaosaga rola. Mkisubiri mpaka mlango utoke kwenye reli, mtalipia na kunyoosha bodi.

Kutu huanza pasipoonekana: chini ya mazulia, kwenye vizingiti vya milango, nyuma ya taa za nyuma. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa waya mwembamba. Zulia likiwa bichi upande wa abiria bila mvua kunyesha, bomba la kumwaga maji ya kiyoyozi limeziba. Ukirudi kutoka Bagamoyo au Pangani, osha chini ya gari kwa maji baridi, siyo juu tu ambako majirani wanaona.

Spea, fundi na daftari

Spea ziko za aina tatu: halisi, za viwanda vingine vyenye jina, na zile za boksi zuri. Vitu vya kuzunguka na vya usalama, yaani mkanda wa taimingi, pampu ya maji, breki na themostati, nunua vipya vya jina unaloliamini, hata kama itabidi usubiri mwezi. Vitu visivyolika kirahisi, kama taa, vioo, milango, alteneta au rafu ya stelingi, vya mtumba kutoka Japani mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei rahisi. Boksi la Toyota peke yake si ushahidi. Maboksi nayo hughushiwa.

Fundi wako achunguze kabla hajabadilisha. Anayesema “tubadilishe hiki tuone” anajifunza kwa fedha zako. Omba upewe mkononi kila kifaa cha zamani, na umwambie mapema kwamba utakiomba. Heshima haiondoki kwa hilo, fundi mzuri mwenyewe huvipanga pembeni akusubiri.

Kisha nunua daftari la shule, liishi kwenye kisanduku cha dashibodi. Tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei, nani amefanya. Risiti zibanwe nyuma. Baada ya mwaka mmoja daftari litakwambia mambo ambayo kumbukumbu yako inayapindisha, hasa kiasi ulichotumia.

Lini uachane nayo

Tenga fedha kila mwezi hata gari likiwa zima. Sema umeamua shilingi 100,000: mwaka ukiisha una 1,200,000, na mkanda wa taimingi hautakukuta unakopa. Mwezi ambao hakuna kilichoharibika ndio mwezi wa kuweka, siyo wa kusherehekea.

Katika kuamua kuachana, tofautisha kinachobadilishika na kisichobadilishika. Injini hubadilishwa. Giaboksi hubadilishwa. Injini ya mtumba ikifungwa, chukua nyaraka zake za kuingizwa nchini na uende TRA namba yake irekebishwe kwenye kadi, maana kadi yako inataja namba ya ile ya zamani. Lakini fremu za sakafu zikishaliwa na kutu mahali zinapobeba sasipensheni, au bodi ikiwa imewahi kugongwa na kunyooshwa vibaya hata magurudumu hayakai mstari, huko hakuna matengenezo, kuna kuchelewesha tu. Gari hilo likate watu wachukue spea. Sababu nyingine ya kuliacha ni isiyo ya kiufundi: kama kwenu kuna mgonjwa anayehitaji kufikishwa hospitali usiku wakati wowote, na gari halijawaka mara ya kwanza kwa miezi kadhaa, msibishane kuhusu kumbukumbu nzuri.

Na ukiliuza, mkabidhi mnunuzi daftari na bei utaitetea kwa urahisi zaidi ya kwa maneno. Ila usimpe kadi ukaondoka na fedha kwa kuaminiana. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, mwende pamoja mkahamishe umiliki TRA, kwa sababu faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari, na mfumo hauna habari kwamba mlishapeana mikono.